Paka anapopumua kwa tabu: Si kila mara ni pumu, huenda ni saratani ya kifua



Katika majumba yetu mengi, kuanzia Unguja, Pemba, Tanga, Mombasa na Lamu hadi miji ya bara, paka ni mkazi wa nyumba. Hulala pembeni ya mkeka, huzunguka miguu ya mama anapopaa samaki, na hakuna anayeshtuka akimkuta ukumbini. Jambo hili lina msingi katika dini yetu, kwani Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa paka si najisi. Lakini pia alitupa onyo kali kwa kisa cha mwanamke aliyepata adhabu kwa sababu ya paka aliyemfungia na kumtesa kwa njaa. Kwa maana hiyo, anayemweka paka nyumbani amebeba amana, na amana hiyo haishii kwenye kumtupia kichwa cha samaki. Akiugua, naye ana haki ya kuangaliwa.

Leo tutazungumzia maradhi ambayo huwapotezea watu paka wao kwa haraka, na mara nyingi bila ya kujua nini kimewaua. Nayo ni saratani inayoota ndani ya kifua na kumfanya paka ashindwe kupumua. Tutaeleza inavyotambuliwa, maana kosa kubwa hufanyika hapo, kabla hata tiba haijafikiriwa.

Tuchukue mfano

Nyumba ina paka dume wa miaka miwili, mwenye afya na mwepesi wa kurukia ukuta. Wiki ya kwanza anapunguza kula. Wiki ya pili haruki tena, anajilaza mahali pamoja, na watoto wanasema tumbo lake linacheza anapopumua. Mmoja anasema ni mafua. Mwingine anasema ni pumu. Jirani anaapa kuwa kakwamwa na mwiba wa samaki. Mkubwa wa nyumba anapita duka la dawa, ananunua vidonge vya prednisoloni kwa sababu vilimsaidia mtoto mwenye pumu, anampa paka robo kidonge kila siku. Paka anapata nafuu na watu wanafurahi. Baada ya siku chache hali inarudi kwa nguvu zaidi, paka anahema mdomo wazi kama mbwa. Anakimbizwa kwa daktari wa mifugo, analazwa kwa nguvu juu ya meza ili apigwe picha, na anakata roho pale pale mezani.

Ndugu msomaji, katika mfano huu yamekosewa mambo matatu. La kwanza, pumzi za paka hazikuhesabiwa mapema. La pili, dawa ilitangulia uchunguzi. La tatu, picha ilitangulia kumpumzisha mgonjwa. Makala hii itaeleza kosa moja baada ya jingine.

Kifua cha paka kilivyo

Kifua cha paka ni kama chumba kilichofungwa. Ukuta wake ni mbavu, na sakafu yake ni kiwambo, yaani ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ndani yake yamo mapafu mawili, moyo, koo la hewa na koo la chakula. Mbele ya moyo, katikati ya mapafu, kuna tezi iitwayo thaimasi ambayo huwa kubwa kwa paka mchanga kisha husinyaa anapokua. Sehemu hiyo pia ina tezi nyingine ndogo zinazohifadhi chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti, ambazo ni askari wa mwili.

Ikitokea askari hao wakaasi, wakaanza kuzaliana bila ya mpango, hapo ndipo huwa saratani iitwayo limfoma. Limfoma ni katika saratani zinazowapata paka kwa wingi zaidi. Huweza kuota kwenye utumbo, figo, pua au mahali pengine, lakini ile inayoota mbele ya moyo huwapata zaidi paka wenye umri mdogo, na imeonekana zaidi kwa paka wa aina ya Siamese na kwa wale wenye kirusi cha lukemia ya paka, ambacho tutakieleza mbele.

Uvimbe unapokua katika chumba kilichofungwa, hauna pa kwenda. Unayasukuma mapafu nyuma, unalibana koo la hewa, na mara nyingi unasababisha maji kujaa kati ya mapafu na mbavu. Mapafu yanayozungukwa na maji hayawezi kutanuka. Mara nyingi maji haya ndiyo yanayomfikisha paka katika hatari kabla ya uvimbe wenyewe.

Hesabu pumzi

Paka ni hodari wa kuficha maradhi. Anapoona pumzi zinakuwa ngumu, hujipunguzia kazi kwa kulala na kukaa kimya, na watu hudhani amekuwa mvivu tu. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kinafanyika nyumbani, na hakihitaji zaidi ya saa yenye mshale wa sekunde.

Subiri paka alale usingizi, asiwe anakoroma kwa furaha wala anaota. Tazama ubavu wake. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu kwa sekunde 30, kisha zidisha mara 2. Paka mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 15 na 30 kwa dakika. Ukihesabu 11 kwa nusu dakika, hiyo ni 22, na hakuna neno. Ukihesabu 20, hiyo ni 40. Rudia baada ya saa moja akiwa amelala tena, na kama bado imezidi 30, mpeleke kwa daktari, hata kama anakula.

Mbali na hesabu, zipo dalili za kutazama:

- Tumbo linasaidia kupumua, linaingia na kutoka kwa nguvu.
- Anakaa ameinama kwa mbele, viwiko vimetanuka nje na shingo ameinyoosha, hataki kulala ubavu.
- Anakonda, hamalizi chakula, au anatema chakula kizima muda mfupi baada ya kumeza, kwa sababu koo limebanwa.
- Jicho moja lina mboni ndogo kuliko la pili na kope yake imelegea, maana uvimbe wa kifuani huweza kubana mshipa wa fahamu unaokwenda jichoni.

Ama paka anayehema mdomo wazi akiwa ametulia, au mwenye ufizi uliogeuka rangi kuwa ya bluu au kijivu, huyo hangojewi mpaka kesho. Mbwa huhema mdomo wazi kujipoza, lakini kwa paka aliyetulia hiyo ni dalili ya hatari.

Mtu anaweza kuuliza: je, pumu inatofautianaje na haya? Paka mwenye pumu kwa kawaida hukohoa. Huchutama, hunyoosha shingo na kukohoa kwa mfululizo, kisha akatulia, na baina ya vipindi hivyo huweza kuwa mzima kabisa. Paka mwenye maji kifuani mara nyingi hakohoi. Hupumua kwa haraka na kwa pumzi fupi fupi, na hali yake huzidi siku hadi siku. Tofauti hii inasaidia kutilia shaka tu. Haitoshi kutoa hukumu.

Dawa zisitangulie uchunguzi

Prednisoloni na dawa za jamaa yake huua limfosaiti, zile zilizo nzima na zile za saratani. Ndiyo maana paka mwenye limfoma akipewa vidonge hivi, uvimbe husinyaa kwa muda na pumzi humrudia. Lakini nafuu hiyo ina gharama mbili. Kwanza, daktari akija kuchukua maji au nyama ya uvimbe, seli za saratani huenda asizione, na maradhi yakakosa jina. Pili, seli zilizobakia huweza kujifunza kuikinza dawa, na hata paka akianzishiwa tiba kamili baadaye, tiba hiyo ikakosa nguvu. Mfadhili wa paka wetu wa mfano alikusudia kheri, lakini alifuta ushahidi.

Parasetamoli ni mbaya zaidi. Ini la paka halina uwezo wa kuivunja dawa hii kama ini la binadamu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka, kwani huiharibu damu yake ikashindwa kubeba oksijeni. Paka ambaye tayari anakosa pumzi akipewa parasetamoli, amefungwa njia ya pili. Aspirini na dawa nyingine za maumivu za watu nazo zisitolewe kwa kukisia.

Vile vile asilazimishwe kunywa maji, maziwa wala asali kwa kijiko, maana anayehema hupaliwa kwa urahisi. Asiogeshwe. Na chumba alichomo kisifukizwe ubani wala udi, kisiwashwe dawa ya mbu ya kuchoma, wala mtu asivute sigara humo.

Namna ya kumpeleka

Mweke katika kikapu chenye mfuniko au boksi lenye matundu ya kutosha, chini utandike kanga kuukuu. Funika nusu ya juu apate giza na utulivu, lakini hewa ipite. Asibebwe mgongo chini kama mtoto mchanga, asininginizwe kwa ngozi ya shingo, wala asikumbatiwe kifuani kwa nguvu. Watoto wabaki nyumbani, maana kelele humwongezea hofu na hofu humwongezea haja ya hewa.

Tahadhari kuhusu meno. Paka anayekosa pumzi huuma hata anayempenda. Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali uulize kuhusu kichaa cha mbwa, kwani paka naye hukichukua.

Piga simu kwanza kwa daktari, mwambie kuwa paka hapati pumzi, na muulize kama ana oksijeni. Waliopo karibu na Morogoro wanayo hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, na waliopo Nairobi wanacho kitivo cha tiba za wanyama cha Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete.

Hatua kwa daktari

Daktari mzuri hataanza na picha. Ataanza na kumpumzisha paka. Atampa oksijeni kwa kumwekea mpira karibu na pua au kumtia ndani ya sanduku lenye oksijeni, na huenda akamchoma sindano ndogo ya kumtuliza. Ukiona daktari anamwacha paka dakika kadhaa bila ya kumgusa, usidhani anapuuza. Hiyo ni sehemu ya tiba.

Baada ya hapo atasikiliza. Paka mwenye maji kifuani, sauti za mapafu husikika juu karibu na mgongo na kupotea chini, kwa sababu maji hukaa chini. Sauti ya moyo huwa imefifia kana kwamba inatoka nyuma ya ukuta. Daktari anaweza pia kuubonyeza taratibu mwanzo wa kifua, mbele ya moyo. Kwa paka mchanga mzima sehemu hiyo hunepa, lakini penye uvimbe huwa ngumu. Jambo hili afanye mwenye ujuzi, msijaribu nyumbani.

Ikiwa kuna dalili ya maji, hatua inayofuata ni kuyatoa kwa sindano. Daktari hunyoa manyoya kidogo ubavuni, husafisha ngozi, kisha hupitisha sindano nyembamba baina ya mbavu, kwa kawaida karibu na ubavu wa 7 au wa 8, huku paka akiwa amekaa kifudifudi. Wengi huogopa wakisikia hivi, na wapo wanaokataa. Ndugu msomaji, usikatae. Paka wa kilo 4 anaweza kutolewa mililita 200 na zaidi, yaani kupita nusu ya chupa ya soda ya mililita 350. Hebu fikiri kiasi hicho kilivyokuwa kinayabana mapafu ya mnyama mdogo kama huyo. Mara nyingi paka huanza kupumua vizuri hapo hapo mezani.

Tena maji hayo yana kazi ya pili. Yamemwokoa paka, na sasa yatatoa habari ya maradhi yake. Yasimwagwe.

Maji yanasema nini?

Rangi na harufu ya maji humpa daktari mwelekeo wa kwanza:

- Usaha mzito wenye harufu mbaya: ni maambukizi ya bakteria kifuani, mara nyingi baada ya kuumwa na paka mwenziwe. Hatari, lakini yanatibika kwa kuosha kifua na dawa za kuua bakteria kwa wiki kadhaa.
- Maji ya manjano yanayonata: huenda ni maradhi ya virusi vya korona vya paka, ambavyo si vile vya Uviko-19. Zamani maradhi haya yalihesabiwa kuwa ni kifo tu. Tangu mwaka 2019 tafiti zimeonyesha kuwa dawa iitwayo GS-441524 inawaponya paka wengi.
- Maji meupe kama maziwa: ni mafuta ya chakula yaliyovuja kutoka mirija ya limfu. Huweza kusababishwa na moyo, na huweza kusababishwa na uvimbe.
- Damu: huenda paka amegongwa na gari, amekula sumu ya panya, au uvimbe unavuja.
- Maji maangavu au yenye wekundu kidogo: huenda ni moyo uliochoka, na huenda ni limfoma.

Kama unavyoona, paka watano wanaweza kuhema kwa namna moja na kila mmoja akawa na maradhi yake, na dawa ya huyu ikawa madhara kwa yule. Hii ndiyo sababu ya kusisitiza kuwa tusitibu kwa kukisia.

Jina la maradhi linapatikana kwenye hadubini. Tone la maji hupakwa juu ya kioo, hutiwa rangi na kutazamwa. Katika limfoma, mara nyingi huonekana limfosaiti kubwa zisizokomaa, zinazofanana zote kana kwamba zimetoka kwenye kalibu moja. Zikionekana waziwazi, huenda kisihitajike kipimo kingine cha kuthibitisha. Na daktari asiye na hadubini anaweza kuyahifadhi maji katika chupa maalumu na vioo vilivyopakwa, akavipeleka maabara kubwa.

Picha na sindano ya uvimbe

Sasa ndipo picha ya eksirei inapofaa. Ikipigwa maji yakiwa yamejaa, kifua chote huonekana cheupe, na uvimbe hujificha ndani ya weupe huo. Ikipigwa baada ya maji kutolewa, daktari huweza kuona kitu kilichosimama mbele ya moyo, kikiliinua koo la hewa kuelekea uti wa mgongo. Paka asilazwe chali kwa ajili ya picha. Kama bado anahema, apigwe akiwa kifudifudi, au picha ingojee.

Penye altrasaundi kazi huwa nyepesi zaidi. Kipimo hiki huona maji, huona uvimbe, na huuangalia moyo wenyewe, maana maradhi ya msuli wa moyo ni katika sababu kubwa za paka kukosa pumzi. Kwa kuongozwa na altrasaundi, daktari huweza kuuchoma uvimbe kwa sindano nyembamba na kupata seli, pale ambapo maji hayakutoa jawabu.

Ifahamike pia kuwa si kila uvimbe mbele ya moyo ni limfoma. Upo uvimbe wa tezi ya thaimasi yenyewe uitwao thaimoma, unaowapata zaidi paka wazee. Huo hukua taratibu na wengine hupona kwa kufanyiwa upasuaji. Vipo pia vifuko vya maji visivyo saratani. Kwa hiyo picha peke yake inasema tu kwamba kuna kitu. Kitu hicho ni nini, hayo yanasemwa na seli.

Kirusi cha lukemia ya paka

Mwaka 1964 mtaalamu William Jarrett na wenzake huko Glasgow, Uingereza, walitoa habari za kirusi walichokigundua kutokana na kundi la paka wa nyumba moja waliokuwa wakipatwa na limfoma. Hapo ndipo ulipojulikana uhusiano wa kirusi hiki na saratani ya paka. Kirusi hiki kinaenea kwa mate: paka wanaporambana, wanapochangia bakuli, wanapoumana, na mama anaponyonyesha watoto. Kinadhoofisha kinga ya mwili na kuongeza sana uwezekano wa kupata limfoma, hususan ile ya kifuani.

Kipimo chake ni matone machache ya damu, na jibu hupatikana katika dakika chache. Kila paka mwenye uvimbe wa kifuani apimwe, na jibu likiwa ndiyo, paka wenziwe wa nyumba hiyo nao wapimwe. Wazima watengwe na mgonjwa, kila mmoja na bakuli lake. Chanjo ipo tangu mwaka 1985, na inawafaa wale ambao bado hawajaambukizwa.

Watu wa nyumbani wasiwe na hofu. Saratani ya paka haimwambukizi mtu, na kirusi hiki hakijaonekana kumpata binadamu. Nje ya mwili hakiishi muda mrefu. Maji na sabuni humaliza kazi.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi wenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na wataalamu wa Massachusetts, Marekani, ulionyesha kuwa paka wanaoishi katika nyumba zenye wavuta sigara walikuwa na uwezekano wa mara 2.4 zaidi wa kupata limfoma, na walioishi humo miaka 5 au zaidi walifikia mara 3.2. Paka huvuta moshi kama sisi, kisha hujiramba na kuyameza yale yaliyoshika kwenye manyoya yake. Ikiwa moshi unamfanya hivi paka, basi mwenye nyumba awafikirie na watoto wake.

Ikithibitika ni saratani

Limfoma ya kifuani kwa kawaida haitibiwi kwa kisu. Hutibiwa kwa dawa za kuua seli za saratani, zinazotolewa kwa mpango wa wiki na miezi. Paka wengi huzistahimili vizuri kuliko watu. Hupoteza sharubu zaidi kuliko manyoya. Baadhi ya paka wachanga wasio na kirusi hupata nafuu ndefu, ya mwaka na zaidi. Wenye kirusi, hata uvimbe ukisinyaa, mara nyingi huishi miezi michache tu. Tunalisema hili wazi ili mtu asiuze alichonacho kwa matumaini ambayo hakuelezwa ukweli wake. Muulize daktari kabla ya kuanza: dawa zinapatikana? Zitagharimu kiasi gani? Paka atapata nini?

Pasipo na dawa hizo, hapo sasa prednisoloni ina nafasi yake, kwa kuandikiwa na daktari, pamoja na kumtoa maji kila yanapojaa. Haiponyi, lakini humpa mnyama siku za kupumua bila ya taabu. Ama akifikia mahali ambapo kila pumzi ni mateso na tiba haipo, suala la kumpumzisha kwa sindano muulizeni mwanazuoni mnayemwamini huku mkimweleza kwa ukweli alichosema daktari.

Kwa ndugu zetu walioko ng'ambo

Jamaa zetu wanaoishi Ulaya na Marekani huenda wakakuta majirani, au watoto wao wenyewe, wakifuga fereti, mnyama mdogo mrefu wa jamii ya kicheche. Naye hupatwa na limfoma ya kifuani, hata akiwa hajatimiza miaka 2, na mara nyingi hudhaniwa kuwa ana homa ya mapafu au maradhi ya moyo. Taratibu ni ile ile: oksijeni, kutoa maji, kutazama seli, ndipo picha na dawa. Tofauti moja ni kuwa fereti huambukizwa mafua ya virusi vya influenza na watu. Kwa hiyo akianza kupiga chafya na kukosa pumzi, daktari ataulizia kwanza nani ana mafua nyumbani.

Usafi wa nyumba yenye mgonjwa

Maji, damu au usaha unaotoka kwa paka uoshwe kwa maji na sabuni, na mkeka au mswala uliodondokewa usafishwe kabla ya kuswaliwa. Paka anayepewa dawa za saratani, mkojo na kinyesi chake hubeba mabaki ya dawa hizo kwa siku kadhaa. Sanduku lake la mchanga lisafishwe na mtu mzima aliyevaa glovu. Mama mjamzito, anayenyonyesha na watoto wakae mbali nalo. Mchanga ufungwe ndani ya mfuko kabla ya kutupwa, na mikono ioshwe kwa sabuni.

Mwisho

Turudi kwa yule paka dume wa mfano wetu. Lau siku watoto waliposema tumbo lake linacheza mtu angechukua saa na kuhesabu, angepata 40 au 50, na paka angefika kwa daktari akiwa bado ana nguvu. Lau asingepewa kidonge, maji yake yangetoa ushahidi kamili. Lau angepewa oksijeni na kutolewa maji kabla ya kulazwa kwa picha, asingefia mezani. Huenda angekutwa na usaha unaotibika. Huenda angekutwa na saratani na akaishi miezi michache tu. Hayo yamo katika elimu ya Mwenyezi Mungu. Lililo mikononi mwetu ni kutazama, kuhesabu, kutomjaza dawa za kukisia, na kumfikisha kwa mwenye ujuzi mapema.

Usiku wa leo, paka wako akishalala, keti karibu naye uhesabu pumzi zake kwa nusu dakika. Andika hesabu hiyo mahali. Siku akibadilika, utakuwa na cha kumwonyesha daktari.

Wabillahi tawfiq.